Halwa Barazani, Kitabu Ndani

Wanangu, siku mliyoniaga mlinifanyia jambo zuri, na mimi nikawaharibia. Mliweka keki juu ya meza ya magazeti, soda zikitoka jasho ubavuni mwa kabati la kamusi, mkangoja mama mstaafu akate, alie kidogo, aseme mawili matatu. Mama mstaafu akaibeba keki, akapiga kigelegele, akatoka nayo nje. Mlinifuata kwa sababu keki ilikuwa mikononi mwangu, si kwa sababu mlinielewa. Nilimsikia mmoja wenu akisema, "Uzee huo." Sina kinyongo naye, ila nimeona niandike kisa chenyewe, asije akaweka soda pale tena.

Nilianza kazi katika maktaba ya mji wa Tanga miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa Chumbageni niliyesoma mpaka shangazi zangu wakaingiwa na hofu kwamba sitapata mume. Maktaba ilikuwa imeanzisha alasiri ya akina mama, mara moja kwa juma, na akina mama hawakutaka kuhudumiwa na mwanamume. Ndiyo sababu nikaajiriwa. Baba alikubali shingo upande, na alikubali tu kwa kuwa Mzee Sefu, mhudumu mkuu wa pale, alikuwa jirani yetu na wakisali msikiti mmoja.

Siku ya kwanza mama alinifungia vitumbua kwenye kitambaa, nikavitia mkobani chini ya kanga. Mzee Sefu alikuwa mlangoni, mrefu, mkavu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini humo?"

"Vitabu, Mzee."

"Vitabu vya iliki?"

Nikaukumbatia mkoba. Naye akabaki amesimama pale pale akinitazama kwa upole. Sasa ninyi mmezaliwa mjini mkala kwenye mikahawa, huenda hamjui uzito wa jambo hilo. Mtu mzima akikukuta na chakula, akasimama, huna njia. Nikasema, "Karibu, Mzee."

"Ahsante. Bismillahi."

Akanipeleka barazani, akaninawisha kwa birika, akanawa na yeye, akamwita mtunza bustani, akamwita na muuza kahawa aliyekuwa akipita njia. Vitumbua vya mama vikaliwa na watu nisiowajua, wakinishukuru na kuniombea mume mwema. Mimi nilipata kimoja, tena kile kilichoungua.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mzee Sefu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yake. Mkuu wetu, Mwingereza mmoja mpole mwenye miguu mirefu, alikuwa amebandika tangazo la Kiingereza kukataza kula na kunywa ndani. Waliojua kulisoma walidhani limeandikwa kwa ajili ya wengine, na wasiojua kulisoma walikula kwa amani. Mzee Sefu hakumgombeza mtu hata siku moja. Alikuwa akinusa tu, kisha anakwenda kusimama karibu na mlaji, anakohoa kidogo. Mlaji akimkaribisha, Mzee anaitikia kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Jamani, tumekaribishwa!" Chakula kinatoka nje na watu nyuma yake, na mwenye nacho anajikuta na shukrani nyingi na tumbo tupu. Mtu akikaribisha hivyo mara mbili, ya tatu anakula kwao.

Alinifunza kazi kwa vitu vidogo. Miguu ya makabati ilisimama ndani ya makopo ya maji yaliyotiwa mafuta ya taa, ili sisimizi wasipande, na kila asubuhi kabla ya salamu tulitazama makopo. Migongo ya vitabu tuliipangusa kwa brashi ya kunyolea ndevu, maana ndiyo laini, na nyumbani kwetu walishangaa sana siku nilipoagiza ya kwangu. Mlangoni palikuwa na birika, sabuni na taulo, na aliyeingia alinawa kwanza. "Mtu ananawa kabla ya kula na baada ya kula," Mzee Sefu alikuwa akisema, "basi kitabu nacho kimekosa nini?"

Mwanafunzi wetu sugu alikuwa Bwana Lukasi, karani wa bandarini, Mshambaa mmoja Mlutheri, mcheshi, msomaji wa kweli. Huyu alificha bajia ndani ya atlasi kubwa, akijifanya anasafiri. Tulipokuja kufungua ukurasa wa pwani yetu tukakuta mashariki ya Pemba kumezuka kisiwa kipya, cha rangi ya kahawia, kinang'aa. Mzee Sefu alikitazama kisiwa kile kwa muda, akamwuliza, "Bwana Lukasi, huku wanaishi watu gani?" Bwana Lukasi akajibu kwamba hajafika, ila amesikia ni watu wakarimu. Mpaka nastaafu kisiwa kile kilikuwapo. Mlitaka kuitupa atlasi ile, nikawakatalia bila kuwaeleza sababu. Sababu ndiyo hiyo.

Sasa nije kwa Bi Mwanakombo wa Kigombe.

Alikuja alasiri moja ya akina mama, ameshuka kwenye basi la Pangani, mama wa makamo aliyekwishaanza mvi, mwembamba, buibui limepauka, na kapu mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba mkeka pale barazani. Akakaa, akatoa kapuni bakuli la udongo lililojaa visheti vinavyotiririka shira, akaliweka kando. Chini ya bakuli, katika kapu hilo hilo, akatoa kitu kilichofungwa kwa kanga, na ndani ya kanga ile kulikuwa na kitabu cha kuandikwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, karatasi imegeuka rangi ya chai.

Roho yangu iliruka. Shira juu, kitabu chini, na safari yote ile ya mashimo! Lakini ndivyo tulivyo. Kitabu ni amana, na mgeni haendi kwa watu mikono mitupu, sasa atabeba makapu mangapi?

"Huyu ni baba'ngu," akasema, akiweka mkono juu ya kitabu. "Maana yake, maneno yake. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kwetu. Nyumba yangu inavuja, na wanangu mimi wako bara, hawasomi hati hizi. N'mesikia hapa munatunza vitabu. Ntamwacha kwa kujaribu. Lakini sikizani: siku n'takayoona sisimizi mmoja juu yake, mmoja tu, namchukua baba'ngu narudi naye, na hamtamwona tena."

Mzee Sefu, aliyekuwa mlangoni, akaitikia kwa niaba yetu, "Tumekubali, Bibi." Kisha akakitazama kile kitabu na macho yakamlegea. Mzee yule alipenda mashairi kuliko alivyopenda utulivu, na utulivu aliupenda sana.

Ulikuwa utenzi, na ulikuwa utenzi wa punda. Mwalimu yule alikuwa na punda mkaidi wa kubebea nazi, na alisimulia safari moja waliyotoka Kigombe kwenda kusini, yeye na punda na bintiye mdogo, na vitimbi vyote vya njiani. Mimi nilisoma chuo, hati zile nilizijua, basi alasiri za akina mama nikawa nawasomea kwa sauti. Kwa mara ya kwanza wakaacha kuzungumza habari za harusi. Hata wanaume walianza kuja kusimama nje ya dirisha wakijifanya wanangoja mtu. Safari ikaenda mpaka wakafika mtoni, na hapo nikasoma ubeti huu:

Punda kakita miguu
masikio yake juu
nikamwita, "Mjukuu!"
mtoni hakuingia

Nikafunua ukurasa, nikakuta tundu. Karatasi ilikuwa imeliwa, duara kubwa la mviringo, kingo zake nyeusi. Beti zilizofuata hazikuwapo. Upande wa pili wa tundu walikuwa tayari wako ng'ambo, wanakula dafu, na punda amelala kivulini kama hana habari.

"Alivukaje?" wakauliza akina mama wote kwa pamoja.

Nikamtazama Bi Mwanakombo, aliyekuja siku ile kumjulia hali baba yake. Akatazama chini. "Mende," akasema. "Mende walikula."

Tangu siku hiyo mji uligawanyika. Bwana Lukasi alishikilia kwamba punda alibebwa. Wengine walisema alipigwa, wengine alisomewa dua. Mzee Sefu hakuchagua upande, lakini niliwahi kumkuta ameinama juu ya lile tundu, miwani puani, kana kwamba beti zitarudi akizingoja kwa adabu.

Bi Mwanakombo akawa anakuja mara kwa mara, na kila akija analo bakuli lile, leo visheti, kesho mkate wa sinia. Nasi tukawa na deni la adabu, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Nilikiosha, nikatia chochote kilichokuwapo nyumbani, embe, mchele kidogo, kipande cha sabuni, nikamrudishia. Lakini nilianza kuona jambo. Kila alipokuja alilisogeza bakuli karibu zaidi na ndani. Mara ya kwanza aliliacha mkekani, mara ya pili kizingitini, kisha dirishani. Na kila mara Mzee Sefu alikuwa akikohoa, anakaribishwa, na bakuli linaishia barazani kwa heshima zote. Nikadhani mama wa watu amesahau sharti letu, au anatudharau.

Siku iliyokuwa siku, Mzee Sefu hayupo, amekwenda mazikoni Pangani. Chumba kimejaa akina mama, kitabu kiko mezani juu ya kitambaa cheupe, na Bi Mwanakombo anaingia. Hakutaka mkeka. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye meza ya kitabu, akakaa kitini, akaliweka bakuli pale pale, kiganja kimoja kutoka kwenye kitambaa cheupe. Akafunua. Ilikuwa halwa, nyekundu, ya moto bado, samli inaelea juu.

"Karibuni, wanangu," akasema.

Mikono ilikwishaanza kunyoshwa. Niliona aibu, nikaona hasira, nikaona na hofu, yote kwa wakati mmoja. Nikimkatalia mtu mzima halwa yake mbele za watu, nimemvunjia heshima, na kitabu kitaondoka naye. Nikinyamaza, vidole vya samli vitafika kwenye kitambaa, kesho sisimizi watafika kwenye kitabu, na kitabu kitaondoka vile vile. Na kukohoa kama Mzee Sefu sikuwa najua. Nilijaribu, ikatoka kama mbuzi aliyekabwa, mama mmoja akanigonga mgongoni.

Nikalishika bakuli kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikasema, "Ahsante, mama. Tumekaribishwa." Kisha, kwa kuwa sikuwa na jingine, nikajitwika kichwani nikapiga kigelegele.

Ndani ya maktaba, wanangu, mahali ambapo mtu akipiga chafya huomba radhi. Akina mama walishtuka mara moja tu. Mwanamke wa Tanga akisikia kigelegele haulizi ni cha nini, anaitikia kwanza. Wakapokea, wakainuka, mmoja akaanza kupiga makofi, tukatoka msururu kama tunaopeleka bibi harusi, mimi mbele na halwa kichwani, samli inanichuruzika sikioni. Mkuu wetu alifungua mlango wa ofisi yake, akatutazama tukipita, akaufunga tena taratibu. Barazani nikawanawisha wote.

Nilipogeuka nikaona mtu mmoja amekosekana. Bi Mwanakombo hakutoka.

Nikasema basi, nimemwudhi, anafunga kitabu chake kwenye kanga, na Mzee Sefu akirudi nitamwambia nini? Nikanawa mikono mpaka viwiko, nikaingia peke yangu.

Alikuwa amekaa pale pale. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya meza, polepole, pote palipokuwa na bakuli, kisha anakitazama kiganja. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Umechukua bakuli langu," akasema.

"Nimelichukua, mama. Nisamehe."

"Hukunikosea. Lau pangekuwa na mtu kama wewe nyumbani kwetu siku ile." Akavuta upande wa buibui akafuta uso. "Kaa. Hilo tundu si mende, mwanangu. Mende walikuja baadaye. Hilo tundu ni mimi."

Akanieleza. Baba yake alipomaliza kuandika aliwasomea nyumbani, na kulikuwa na beti zilizomtaja yeye, mtoto mdogo, na yule punda. Alizipenda zile beti mpaka usingizi ukampaa. Baba alipokwenda msikitini akiacha kitabu wazi, wino ukauke, mtoto alichukua kipande cha halwa akakiweka juu ya karatasi, mahali alipoonyeshwa kwamba ndipo jina la punda lilipo.

"N'likuwa namlisha," akasema. "N'lidhani akila atafurahi. Sisimizi wakaja kwa sukari, mende wakaja kwa samli, wakala halwa na punda na mto wake."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikashindwa kuchagua. Nikamshika mkono.

"Baba hakunipiga. Alinikalisha akanifunza zile beti kwa moyo, mpaka nikazijua. Akasema atakuja kuziandika tena akipata karatasi nzuri. Homa ikamchukua kabla. Miaka yote hii watu waniuliza, nami nasema mende. N'meona aibu kuzitamka, maana nikizitamka ntaulizwa n'lizijuaje. Nikasema kabla sijafa n'tafute mahali ambapo halwa haifiki juu ya kitabu, hata ikiletwa na mwenye kitabu. Ndipo n'kawa nawaletea."

"Ulikuwa unatujaribu, mama?"

"Nawajaribu, ehe. Na visheti vyangu mmekula."

Nikamwomba twende barazani, awatamkie wenzetu zile beti. Alikataa, kisha akasimama. Nje akina mama walikuwa wamekwisha kula nusu ya halwa. Bi Mwanakombo akasimama mbele yao, akaona haya kama msichana, akafumba macho, na sauti ikamtoka nyembamba, ya kitoto kabisa, kama alivyofunzwa:

Mwanangu akatokea
halwa akamtolea
punda akaiendea
majini akaingia

Na nyingine zikafuata, jinsi mtoto alivyotangulia mbele ndani ya maji ya magoti, kipande cha halwa kimeinuliwa juu kwenye jani la mgomba, punda nyuma yake akinyosha shingo. Kelele iliyotoka pale barazani ilisikika mpaka mtaa wa Usagara. Akina mama walimkumbatia, wakamlisha halwa yake mwenyewe, na mimi nikaandika kila ubeti alioutamka kabla haujapoa, nikimwomba arudie pale aliposhindwa kwa kicheko.

Jioni ile hakukichukua kitabu. Alikifunga kwenye kitambaa cheupe yeye mwenyewe, akanikabidhi, akasema, "Basi akae." Tundu hatukuliziba. Nilinakili utenzi wote kwa hati nzuri, beti za mtoto mahali pake, na alipokuja tena nikampa bakuli lake limeoshwa, na nakala ile ndani, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Alilipakata kwenye basi mpaka Kigombe, na nasikia hakumruhusu mtu mwenye kitu cha mafuta kukaa karibu naye.

Mzee Sefu alirudi kutoka mazikoni amechoka, vumbi mpaka kwenye kofia. Nikampa pole ya msiba, akapokea, akanawa. Nikamweleza yote, kigelegele, sikio langu la samli, yote. Alinisikiliza ametazama chini, kisha akauliza kwa sauti ndogo swali moja tu.

"Alivukaje?"

"Kwa halwa, Mzee."

Maisha yake yote alikuwa amepigana na halwa. Akavua miwani, akaipangusa na ncha ya kanzu, akaivaa tena. "Kumbe halwa nayo ina kazi yake," akasema. "Lakini barazani."

Baadaye kidogo bakuli lilirudi kutoka Kigombe, limeletwa na utingo wa basi, limefungwa kwa kanga mpya. Nilijua halitakuwa tupu. Ndani kulikuwa na kitabu kingine cha mkono, cha jirani yake Bi Mwanakombo, ambaye alikuwa amesikia habari zetu na kuamini. Nikakiinua kwa mikono yote miwili, safi, kikavu, kizima. Chini yake palikuwa na kashata. Mzee Sefu, aliyekuwa mwisho kabisa wa chumba, akakohoa.